Masafa Yasilale Bure Visiwani

Katika mali ambazo Serikali huzigawa kwa niaba ya wananchi, ardhi huonekana, maji huonekana, na hata bahari, ijapokuwa haina ua, ina alama zake zinazofahamika na manahodha. Lakini iko mali moja ya umma isiyoonekana kwa jicho wala kushikika kwa mkono, nayo ni masafa ya mawimbi ya redio. Ndiyo njia ipitishayo sauti ya mtangazaji, picha ya televisheni, simu ya mkononi na mwito wa nahodha aliyepatwa na dhoruba. Kwa kuwa haionekani, si rahisi mwananchi kujua kama inatumika au imelala. Na vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali vimeonyesha mara kwa mara kwamba sehemu kubwa yake, hasa nje ya miji, imelala. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu iko mitambo mipya inayoweza kuyatumia masafa hayo matupu, na kwa sababu wenye kuamua kama itatumika au haitatumika ni watu tunaowajua, wanaokaa katika ofisi tunazozijua.

Tuanze na utaratibu uliopo. Tangu mkutano wa kimataifa wa telegrafu za redio uliofanyika Berlin mwaka 1906, na hasa baada ya meli ya Titanic kuzama mwezi Aprili 1912, mataifa yalikubaliana kwamba hewa haiwezi kuachwa kila mtu apige kelele atakavyo. Marekani ilitunga sheria yake mwaka huo huo wa 1912, na kila nchi kwa wakati wake ikaingia katika mkondo ule ule: kila kituo kipewe masafa yake, na mwingine asiyaguse. Hatuwalaumu waliopanga hivyo. Redio ya siku zile ilikuwa kama mwimbaji anayejua wimbo mmoja tu. Koili na kapasita zake zilifungwa ziitikie wimbi fulani, na haikuweza kuhamia wimbi jingine yenyewe. Chombo kisichoweza kusogea, njia ya kukizuia kisigongane na mwenzake ni kukitengea mahali pake moja kwa moja.

Matokeo yake ni haya. Gati imepangiwa meli moja. Meli hiyo huja mara moja kwa juma, au haiji kabisa kwa kuwa mwenye leseni hajawahi kuinunua. Na majahazi mengine yote yakae nje yakipigwa na mawimbi, ilhali gati ni tupu na mlinzi yuko langoni na karatasi yake mkononi. Bandarini mambo kama hayo yasingevumiliwa hata siku tatu. Hewani yamevumiliwa zaidi ya miaka mia.

Kilichobadilika ni chombo chenyewe. Redio inayoendeshwa kwa programu haina tena koili ya kila kazi. Wimbi likishapokewa na erieli na kukuzwa, hupelekwa kwenye chipu inayolipima mamilioni ya mara kwa sekunde na kuligeuza kuwa tarakimu. Kutoka hapo kazi nyingi zilizokuwa za koili na kapasita hufanywa kwa hesabu ndani ya kompyuta. Ukitaka chombo kisikilize masafa mengine, au kizungumze kwa mtindo mwingine kabisa, hufungui kifuniko. Unakipa programu nyingine. Chombo kile kile kilichokuwa kikipokea matangazo asubuhi chaweza, adhuhuri, kuwa kituo cha kuunganisha shule na mtandao wa intaneti, na usiku kikabaki kinasikiliza tu nani yuko hewani na nani hayupo.

Haja ya chombo kama hicho ilianzia jeshini. Majeshi ya Marekani yalipokivamia kisiwa cha Grenada mwezi Oktoba 1983 (tukio ambalo wakazi wa visiwa vidogo popote duniani hawakulipita bila kulitafakari) ilidhihirika kwamba redio za kikosi kimoja zilishindwa kuzungumza na za kikosi kingine. Katika miaka ya 1990 jeshi hilo likagharamia mradi wa kutengeneza redio moja iwezayo kuiga aina zaidi ya kumi za redio zilizokuwapo. Katika miaka hiyo hiyo mhandisi Joseph Mitola aliipa fikra hiyo jina, na mwaka 1999, pamoja na Gerald Maguire wa Stockholm, akaandika juu ya hatua ya pili: redio inayojua iko mahali gani, inayotambua nani anazungumza karibu nayo, na inayojichagulia masafa kufuatana na hali. Mambo hayo yangebaki ya majeshi na maabara lau si kushuka kwa bei. Mwaka 2012 mafundi wa kujitolea waligundua kwamba kijiti kidogo cha kutazamia televisheni kwenye kompyuta, kilichouzwa chini ya dola 30, kikipewa programu tofauti chaweza kusikiliza karibu kila kitu kinachopita hewani, kuanzia ndege hadi meli. Kijana wa Wete au Makunduchi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kuyaona masafa yakichorwa mbele ya macho yake, na kujionea mwenyewe yalipo matupu.

Wapo watakaosema kwamba watu wengi kuchangia wimbi moja bila kupangiwa zamu ni ndoto ya mataifa makubwa yenye fedha za kuchezea. Tunawakumbusha kwamba fikra hiyo ilipata umbo lake visiwani. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, profesa Norman Abramson na wenzake walikabiliwa na taabu tunayoielewa vizuri. Kompyuta yao kubwa ilikuwa Oahu, watumiaji wakatawanyika katika visiwa vingine, na simu za waya zilikuwa ghali na zisizotegemeka. Wakaamua kutumia redio. Lakini badala ya kukigawia kila kisiwa wimbi lake, waliwapa wote wimbi moja la kupelekea habari, na kanuni nyepesi ajabu: ukiwa na la kusema, sema, usipojibiwa kwamba limefika, ujue limegongana na la mwenzako, subiri kitambo kidogo cha kubahatisha, kisha urudie. Kwa kuwa kila mmoja husubiri kitambo chake, mara ya pili hawagongani, au wakigongana hawagongani mara ya tatu. Mtambo uliosimamia mapokezi waliuita Menehune, jina la watu wafupi wa hadithi za Hawaii wafanyao kazi usiku bila kuonekana, na tunakiri kwamba hatujasikia mtambo uliopewa jina zuri kuliko hilo.

Hesabu ilionyesha kwamba kwa kanuni hiyo wimbi haliwezi kutumika zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Yanayobaki ni migongano na ukimya. Mtu wa ofisini angeisoma asilimia hiyo akaandika pembeni kwamba ni upotevu. Lakini kituo kilichopewa wimbi peke yake kikalitumia dakika kumi kwa siku hakifikii hata asilimia moja, na hapana anayekiita cha upotevu kwa sababu karatasi zake zimekamilika. Kutokana na mfano wa Hawaii, Robert Metcalfe alibuni mwaka 1973 namna ya kuunganisha kompyuta kwa waya mmoja wa kuchangia, namna ambayo vizazi vyake vinatumika hadi leo katika maofisi, zikiwamo ofisi za hao wanaotoa leseni.

Wavuvi wetu wanaifahamu sheria ya namna hii bila ya kusoma hesabu zake. Wageni wanapofika ufukweni kupiga dago, huomba ruhusa kwa wenyeji, hujenga vibanda vyao, huvua na kukausha samaki. Msimu ukigeuka, au wenyeji wakiuhitaji ufukwe wao, hukunja matanga wakaenda. Ufukwe haukuuzwa, na mwenyeji hakunyang'anywa kitu. Ndivyo redio hizi zinavyokusudiwa kuishi katika masafa ya watu: zikae pasipo na mtu, kwa nguvu ndogo, na mwenyewe akirudi zihame kwa sekunde chache bila kungoja barua.

Hata hivyo dago lina mwenyeji anayeonekana, na hapa ndipo penye ugumu ambao tungependa wahusika wasiudharau. Hewani, mwenye haki mara nyingi ni msikilizaji, naye hasemi kitu. Mzee aliyeketi kwake akitazama taarifa ya habari hatoi wimbi lolote. Mashine yake inapokea tu. Redio iliyo bondeni, nyuma ya kilima, ikitega sikio bila kusikia mtangazaji, yaweza kudhani masafa ni matupu na kuanza kusema, kumbe inamharibia picha mzee huyo aliye juu ya kilima. Bahari nayo inazidisha taabu. Juu ya maji ya joto mawimbi ya redio husafiri mbali kuliko yanavyosafiri bara, na siku nyingine hupinda yakafika yasikotarajiwa. Sisi wa Visiwani ni mashahidi wa jambo hilo. Televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya miaka ishirini kabla Tanzania Bara haijapata kituo chake, wapo waliokuwa Dar es Salaam na kwingineko pwani ya bara walioinua erieli zao kuelekea baharini wakatutazama. Kilichovuka Mkondo wa Zanzibar siku zile kitavuka na leo. Redio ya Pemba isiyofuata adabu yaweza kuwa kero Tanga, au hata ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya.

Kwa sababu hiyo nchi zilizotangulia hazikuridhika na redio kutega sikio peke yake. Zimeweka daftari la kompyuta lenye orodha ya vituo vyote vyenye leseni, mahali vilipo, nguvu zake na eneo vinalofikia. Redio, kabla ya kufumbua mdomo, huliuliza daftari: niko hapa, erieli yangu ina urefu huu, niruhusiwe nini? Daftari humjibu masafa gani, kwa nguvu gani, na kwa saa ngapi. Marekani iliamua kuruhusu matumizi ya namna hiyo katika masafa ya televisheni mwaka 2008. Uingereza ilianza kwa majaribio, nayo ikachagua visiwa: nyumba chache za kusini mwa kisiwa cha Bute mwaka 2011, kisha mwaka 2014 feri zinazopita baina ya visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskochi, ili abiria na mabaharia wapate intaneti wakiwa njiani. Mwaka 2015 ikaruhusu rasmi. Huko Bohol, kisiwa cha Ufilipino, vifaa kama hivyo vilitumika kuwaandikisha wavuvi wa vijiji vya pwani. Na tetemeko la tarehe 15 Oktoba 2013 lilipovuruga mawasiliano, vikatumika kuyarejesha. Sababu ya kuyapenda masafa ya televisheni ni rahisi: mawimbi yake hupenya minazi na kuvuka vilima vidogo kuliko yale ya Wi-Fi ya kawaida, na hufika kilomita nyingi kwa nguvu ndogo.

Mfano unaotuvutia kuliko yote unahusu manowari. Pwani za Marekani zina masafa kuanzia megahezi 3,550 hadi 3,700 ambayo sehemu yake kubwa hutumiwa na rada za jeshi la majini. Manowari haiwi kila siku mbele ya kila mji, lakini kwa miaka mingi masafa hayo yalifungwa pwani nzima kwa ajili yake. Kuanzia mwaka 2015 zikawekwa kanuni mpya, na mwaka 2020 matumizi ya biashara yakaruhusiwa kikamilifu. Vinasa vimewekwa pwani visikilize rada. Rada ikisikika, mtambo wa kompyuta huwaamuru watumiaji wote wa eneo hilo wahamie masafa mengine, na manowari ikipita hurudi. Jeshi halikupoteza kitu. Kama jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani limeweza kuchangia, ni vigumu kumwelewa mwenye kituo cha matangazo atakayesema kwamba yeye hawezi.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunauza dawa ya kila maradhi. Katika sehemu zetu za Afrika jambo hili lilikwisha kujaribiwa na kusifiwa mno. Mwaka 2013 ulianzishwa mradi wa Nanyuki nchini Kenya, ukitumia nguvu za jua. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, pamoja na Microsoft na kampuni ya UhuruOne, walitangaza mradi kama huo kwa wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam. Afrika ya Kusini ilitoa kanuni zake mwaka 2018. Lakini miradi mingi ya Afrika ilibaki kuwa majaribio. Picha zilipigwa, hotuba zikatolewa, kisha vifaa vikawa adimu na ghali kwa sababu viwanda vilitengeneza vichache. Na viwanda vilitengeneza vichache kwa sababu kanuni zilichelewa. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Kampuni za simu nazo, ambazo hazikuwa na haraka ya kuona mshindani, zilikuwa zikiendelea kusimamisha minara yao kila palipo na wateja wa kutosha.

Na hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yetu, kwa kuwa maneno hayo "wateja wa kutosha" ndiyo yanayoviacha nje visiwa vidogo. Mwenye biashara hatusimamishii mnara kwa huruma, wala hatumtaki afanye hivyo. Lakini masafa ambayo mwenye leseni ya taifa zima hayatumii Kojani, au Tumbatu, au Makoongwe, kwa nini yazuiwe yasitumiwe na shule ya hapo, au ushirika wa wavuvi, au kituo cha afya kinachotaka kupeleka picha ya mgonjwa kwa daktari wa Chake Chake? Kinachokosekana ni ruhusa tu.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kuingia katika utangazaji wa dijitali. Katika mfumo huo njia moja ya televisheni yenye upana wa megahezi 8 hubeba vipindi vya vituo zaidi ya kumi, ambapo zamani ilibeba kimoja. Masafa yaliyoachiwa televisheni, kuanzia megahezi 470 hadi 694, yana njia 28 za upana huo. Hata tukiviheshimu vituo vyetu vyote, na vya jirani vinavyotufikia, na kuacha nafasi ya kutosha kati yao, hatuoni ni vipi njia zote 28 ziwe zimejaa juu ya kisiwa kidogo. Ikiwa zimejaa, wahusika watuonyeshe.

Tunajua kwamba jambo hili lina wenyewe zaidi ya mmoja. Posta na simu ni mambo ya Muungano, na masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Utangazaji wa Zanzibar una Tume yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Njia tupu ya televisheni inayotaka kutumiwa kwa intaneti imekaa katikati ya ofisi hizo mbili, na desturi ya faili lililo katikati ya ofisi mbili inajulikana. Tungependa kuona ofisi hizo zikiketi pamoja na kutoa, kwanza kabisa, orodha ya matumizi halisi: katika kila wilaya ya Unguja na Pemba ni njia zipi zinazotumika, na nani, kwa nguvu gani. Iwe ni matumizi yaliyopimwa, maana leseni ni ahadi tu. Kupima kwenyewe si kazi ya kuajiri wataalamu kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, wakipewa vijiti vile vya dola 30, kompyuta, erieli nzuri na mwalimu wa kuwasimamia, wanaweza kuzunguka visiwa na kuleta picha ya awali ya kuanzia mazungumzo, nayo ihakikiwe kwa vyombo vya Mamlaka. Baada ya hapo itengwe sehemu moja ya kujaribu, Kojani kwa mfano, na matokeo yake yachapishwe hata kama ni mabaya.

Iko mipaka ambayo hatutakubali ivukwe. Njia ya 16 ya redio za baharini, megahezi 156.8, ndiyo ya mwito wa hatari. Hiyo na ya uokoaji wa ndege zisiguswe na mchango wowote, ziwe tupu mwaka mzima zikingoja siku moja. Aidha, redio inayotii programu itamtii pia mwovu aliyefanikiwa kuibadilisha programu hiyo. Kwa hiyo kila kifaa kikaguliwe kabla ya kuuzwa, kifungwe kisikubali programu isiyothibitishwa, na mwenye kukichezea apate adhabu inayoumiza. Afisa anayeogopa vurugu hewani ana haki ya kuogopa. Tunachomwomba ni kwamba woga wake aufanye kanuni zinazosomeka, asiufanye kufuli.

Muda upo, ingawa si mwingi kama unavyodhaniwa. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliyajadili masafa hayo ya megahezi 470 hadi 694 kwa upande wetu wa dunia, na yamepangwa kutazamwa tena katika mkutano wa mwaka 2031. Kampuni za simu zitakwenda huko na vitabu vizima vya hesabu kuonyesha kwa nini wapewe wao, na mashirika ya utangazaji yatakwenda na vyao. Ujumbe wetu utakapoulizwa masafa haya yanatumikaje Pemba, Mafia, Ukerewe na visiwa vingine vya Jamhuri, uwe na vipimo vya kuweka mezani, na hivyo vyahitaji kuanza kukusanywa katika bajeti ijayo.